Bekoni ya Sukari na Nguruwe wa Brigita

Jumamosi, 4 Mei 2024

Piusi kapiga simu. Tulipika naye kempu moja ya watalii miaka tisa, mpaka Oktoba ilipofungwa na kila mtu akapewa barua yake. Anasema kuna loji upande wa geti la Ngorongoro inatafuta mpishi wa kifungua kinywa kabla msimu haujaanza. Shefu wao anaitwa Moloimet. Hataki vyeti. Anataka kila mpishi apeleke kitu kimoja alichotengeneza kwa mikono yake, Jumanne ya tarehe 14.

Miezi saba niko hapa Endabash kwa mama. Naamka saa kumi na moja alfajiri kama nilivyozoea, navaa, halafu hakuna pa kwenda. Nakaa kitandani na viatu miguuni. Mama anajua. Analeta chai.

Nitapeleka bekoni ya sukari, ile nyama ya tumbo la nguruwe. Kule kempu wageni walikuwa wanaiita pipi ya nyama. Chumvi na sukari pamoja, inaokwa mpaka inang'aa na kuvunjika kama kashata. Wapishi wengi hapa wanatoa bekoni kwenye pakiti. Mimi naweza kuanzia nyama mbichi.

Nyama yenyewe sijui nitaitoa wapi.


Jumapili, 5 Mei

Bucha la kitimoto la mjini halikuwa na nyama ya tumbo. Jamaa wa bodaboda akaniambia kuna mtu anachinja leo, upande wa Endamarariek. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake. Nguruwe watatu wametundikwa kwenye mparachichi, wa nne bado anakwanguliwa manyoya. Jumapili, saa nane mchana, mtu mmoja, nguruwe wanne. Alikuwa na haraka. Hata kwenye bei hakubishana.

Kipande nilichochagua kilikuwa kizuri sana – mafuta, nyama, mafuta, nyama. Ila ngozini kulikuwa na mabaka. Mekundu, yanaelekea zambarau. Nikauliza. Akasema ni kamba, alimfunga vibaya. Nikatazama masikio ya yule wa mwisho mtini. Rangi ileile.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Niliyaona. Nimeshika nyama miaka kumi na minne. Nani anafunga nguruwe kamba masikioni?

Nikainunua. Zimebaki siku tisa, na nyama inataka karibu wiki nzima kwenye chumvi. Nikajiambia hakuna siku nyingine.


Jumatatu, 6 Mei

Nimeanza kazi. Ngozi nimeichuna yote. Ningeweza kuiacha mpaka mwisho, moshi unaipendeza. Nimeichuna kwa sababu ya yale mabaka.

Chumvi, sukari guru iliyosagwa, pilipili manga, majani mawili ya bay. Nimeisugua nyama mpaka viganja vikawaka moto. Nikaifunga kwenye mfuko, nikaiweka kwenye friji dogo nililotoka nalo kempu. Kwa saa mbili sikuwaza kitu kingine. Mikono ilikuwa inakumbuka yenyewe.

Ngozi, vipande vya pembeni na maji niliyooshea nyama nilivitia kwenye ndoo ya makombo. Nikavusha ndoo kwa Brigita. Ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka Naftali, anakaa ng'ambo ya uzio wa minyaa. Ana nguruwe sita: jike mwenye mimba, na watano wa uzao wake wa kwanza. Tangu tumzike kaka mwaka juzi, wale nguruwe ndio wanaomtoa kitandani asubuhi. Mimi sikupata kitu cha kunitoa.

Waliigombania ile ndoo. Brigita alicheka. Akasema, leo shemeji amewaletea Krismasi.


Alhamisi, 9 Mei

Umeme umekatika toka jana mchana. Nimezungushia friji magunia yaliyolowana. Nageuza nyama kila asubuhi, inatoa maji vizuri, inaanza kukaza.

Mama anauliza nitapeleka nini huko loji. Nikamwambia, nyama ya nguruwe yenye sukari. Akacheka, akasema kwa Kiiraqw, wazungu wamekosa kazi.  Baadaye akasema, ila wewe upate kazi, mwanangu, mimi kukuona umekaa hivi kunanimaliza.

Sikuwa najua kuwa ninammaliza.


Jumapili, 12 Mei

Nimeiosha nyama, nimeiloweka saa moja kupunguza chumvi, nimeianika kwenye upepo. Mchana nikaifukiza ndani ya pipa kwa kuni za mti wa kahawa. Moshi mwembamba, moto usionekane. Kwa saa tano nilikaa pale kwenye kigoda. Ilitoka na rangi ya kahawia ya viatu vilivyopigwa rangi.

Brigita alikuja na kanga ya kanisani. Nguruwe wawili wamegoma kula. Wamelaliana kwenye kona. Akaniuliza, shemeji, inaweza kuwa nini?

Nikasema ni baridi. Mei hii kuna ukungu.

Ni baridi.


Jumatatu, 13 Mei

Nimekata vipande vyembamba, nimevipanga kwenye trei juu ya wavu. Sukari guru na asali kidogo, pilipili kichaa kwa mbali. Oveni sina. Nimetumia sufuria kubwa, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Trei ya kwanza iliungua, sukari ikawa chungu. Ya pili nikapunguza mkaa wa juu, nikageuza vipande mara mbili. Vilipopoa vilikuwa kama kioo. Nilikula kimoja nimesimama. Chumvi ikaja kwanza, halafu sukari, halafu moshi kwa nyuma. Nilisikia machozi. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mpishi.

Saa kumi Brigita aliniita kwenye uzio. Masikio ya wale wawili yamekuwa mekundu, na tumboni pia. Akanishika mkono nikaone. Niliona.

Sikula kipande kingine.


Jumanne, 14 Mei

Nilipeleka. Sijui ningefanya nini kingine – hii siyo kweli, najua ningefanya nini. Nilipeleka.

Tulikuwa wapishi watano jikoni. Shefu Moloimet ni mtu mrefu, wa Enguserosambu, anaongea taratibu. Alionja. Akaomba kile kipande kizima nilichokuja nacho, akakinusa, akakikata mwenyewe. Akauliza, umefukiza kwa mti gani? Nikamwambia mkahawa. Akasema, Jumatatu njoo na viatu vya jikoni. Mbele ya wote.

Kipande nikamwachia.

Nilishuka Karatu nikiwa sijui nicheke au nilie. Nilipofika nyumbani mama alikuwa kwa Brigita. Wawili wamekufa. Brigita alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mlango wa banda. Mama akaniuliza kwa sauti ndogo, umepata? Nikaitika kwa kichwa. Brigita akaniona. Akainuka, akapangusa mikono kwenye kanga, akanipa mkono. Hongera, shemeji. Akasema angalau nyumba hii imepata kitu kimoja leo.


Jumatano, 15 Mei

Bwana mifugo wa kata amekuja na pikipiki. Anaitwa Inosenti, kijana bado, mpole. Hakukaa hata dakika kumi. Homa ya nguruwe. Binadamu haimpati. Kwa nguruwe haina dawa, haina chanjo. Watakufa wote, akasema, na hakuzungusha maneno. Tumewekwa karantini: nguruwe asitoke, nyama isitoke, na akifa azikwe shimo refu na chokaa.

Brigita akauliza imetoka wapi, yeye nguruwe wake hawatembei. Inosenti akasema, mara nyingi huja na makombo. Nyama ya nguruwe mgonjwa, hata kidogo, hata maji yake. Hata iliyotiwa chumvi. Hata iliyofukizwa moshi. Ugonjwa unabaki humo miezi.

Mimi nilikuwa nachimba shimo. Sikusimamisha jembe.

Akamuuliza, unawalisha nini? Brigita akasema pumba, machicha ya pombe, na makombo ya kwa shemeji. Halafu akaongeza haraka, kama vile kuna mtu ananisema vibaya: shemeji yangu ni mpishi wa wageni, ni mtu msafi, kwake hakitoki kitu kibaya.

Inosenti akanitazama. Siyo kwa ubaya. Akaandika.

Nilichimba shimo refu kuliko alilosema.


Alhamisi, 16 Mei

Wengine wawili. Tumebakiza kijana mmoja na yule jike. Jike bado anakula.

Kile kipande kiko loji. Makombo ya loji huchukuliwa na watu wa mjini wenye mabanda, nimewaona na madumu yao. Usiku kucha nimewaza hilo tu.

Asubuhi nimempigia Shefu Moloimet. Nilitaka kumwambia yote. Nilipomsikia sauti, nikamwambia ile bekoni aichome, yote, asimpe mtu wala mnyama. Akauliza kwa nini.  Nikasema sina hakika na chumvi. Nikasema huenda haikuingia mpaka ndani.

 Akauliza, na wewe ulinilisha ukijua hivyo? Nikasema nimegundua baadaye. Akasema sawa, ataichoma. Halafu akasema Jumatatu nisijisumbue. Hakukasirika. Aliniambia ana wageni sitini kwa siku, hawezi kuweka jikoni mtu asiyejua alichopika.

Ameniambia ukweli kwa uongo niliompa. Ningemwambia ukweli wenyewe, labda angenisikiliza. Labda. Sasa sina kazi na bado sijasema.

Mama nimemwambia nafasi imepewa mtu mwingine. Akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikatoka nje.


Ijumaa, 17 Mei

Nilimpeleka mama kliniki ya macho mjini. Tumerudi saa kumi jioni. Brigita alikuwa anaosha jembe. Akasema, imekwisha shemeji, wamekufa wote wawili mchana, nimeshazika.

Peke yako? Na lile jike lilivyo kubwa?

Akasema majirani walimsaidia.

Banda tupu. Hajatazama upande ule.

Kesho namwambia.


Jumamosi, 18 Mei

Nimeandika tarehe halafu nimekaa muda. Niandike tu jinsi ilivyokuwa.

Saa mbili nilivuka kwake. Nilikuwa nimeyapanga maneno: ile nyama, mabaka, ngozi, ndoo. Nilitaka niyaseme nikiwa nimesimama, asije akanikaribisha kiti. Alikuwa anapeta mahindi. Nikasema, shemeji, nina neno. Akaacha kupeta. Uso ukambadilika, akasema, nani amekuambia?

Sikuelewa.

Akaanza kulia. Akasema jana amezika mmoja tu. Jike hakufa. Jana mchana walikuja watu wawili asiowajua na pikapu, labda walisikia sokoni. Walimkuta jike amesimama, anakula. Wakasema, mama, huyu bado mzima, unamngoja afe? Wakatoa hela, wakampakia, wakafunika turubai. Wameelekea njia ya Mbulu. Alikuwa na mimba, akasema Brigita, alikuwa amebakiza siku kumi na mbili tu azae. Akasema, niliona nikimzika huyu na mimi nimeisha.

Nikamuuliza, alikuwa na mabaka?

Akatazama chini. Akasema, masikioni. Kidogo.

Nilikaa. Kiti alikuwa amekisogeza bila mimi kuona. Nilimwona yule mtu chini ya mparachichi, haraka yake, jinsi alivyosema kamba bila kunitazama. Siku zote hizi nimemlaani. Labda na yeye alikuwa na mke anayelia ndani.

Nikafungua mdomo niseme langu. Brigita akanitangulia. Akanishika mkono wa shati, akasema, najua nimefanya vibaya, wewe huwezi kunielewa shemeji, wewe ni mtu safi, lakini nakuomba kwa jina la kaka yako usiseme.

  Kisha tukasikia pikipiki.

Inosenti amekuja na fomu. Kupiga chokaa kwa mara ya mwisho, na kufunga taarifa ya kaya. Ametembea mpaka shimoni, amemwaga mfuko wa chokaa juu ya udongo, hakufukua. Fomu inasema nguruwe sita, vifo sita, wamezikwa sita. Inataka saini ya mwanamume wa familia, kwa kuwa Naftali hayupo. Ni mimi.

Nimesema nahitaji miwani. Sina miwani. Nimeingia ndani kwangu na fomu na nimekaa kwenye meza hii. Nikisaini, lile jike linaenda linakokwenda, na mabanda mangapi yako kwenye njia ya Mbulu sijui. Nisiposaini, Brigita anaitwa ofisini, na atasema aliyemletea ndoo ni nani, au hatasema, na hilo la pili ndilo baya zaidi. Na iwe vyovyote, mimi ndiye wa kwanza kwenye hii foleni, na fomu haina mahali pa kuandika hilo. Nimeigeuza nyuma. Nyuma ni nyeupe, karatasi nzima.

Inosenti yuko nje, mama amempa chai. Nasikia anamwambia Brigita pole, mama, utaanza upya, baada ya miezi sita banda litakuwa salama. Brigita anasema asante. Sauti yake haina kitu ndani.

Nimeandika upande mweupe: Mimi, Remigius Tluway, tarehe 5 Mei nilinunua

Inosenti anabisha hodi, anauliza kama nimemaliza. Nimemwambia bado.