Fito Nyeusi za Barafuni

Alhamisi, 2 Agosti 2012
Hakuna kijana Johannesburg nzima anayepaka rangi kama mimi. Niletee tembo asubuhi, jioni utaondoka na pundamilia, na simba atamkimbiza. Shule niliishia kidato cha pili. Mkono ukaendelea hadi digrii.

Kazi ya wiki hii ni fito za alumini. Kaagiza Dokta Wanjiru, Mkenya anayefundisha chuo hapa Doornfontein. Zinakwenda kuchomekwa kwenye theluji huko mwisho wa dunia. Mwakani watu wanarudi kupima zimefukiwa kiasi gani. Wanatafuta mahali theluji inapoanguka kidogo kabisa, maana chini yake ndiko barafu kongwe iliko. Kongwe kuliko watu wote.

Bosi wangu, Mzee Kombo wa Tanga, kanipa maagizo ya Dokta: paka nyeupe, mistari ya kupimia iwe nyeusi, myembamba.
Nyeupe kwenye theluji! Nani ataiona? Eish. Wasomi.

Ijumaa, 3 Agosti
Mzee kaenda swala ya Ijumaa. Nikazipulizia zote nyeusi tii, mistari nyeupe. Zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mzee aliporudi zilishafungwa kwenye magunia. Lori la Cape Town limezibeba alasiri.
Moja ilizidi. Nimeichomeka uani, kwenye udongo nyuma ya mapipa, karibu na ile nyeupe ya mfano aliyoleta Dokta. Nitamuonyesha Mzee siku akiwa na furaha.

Jumatatu, 6 Agosti
Dokta kapiga simu. Baadaye Mzee akaniambia, "Kumbe ule weupe si urembo, ndiyo kazi yenyewe. Magunia yapo bado bohari ya Cape Town, kama kuna tatizo yanazuilika. Umezipaka nyeupe, mwanangu?"
"Ndiyo, Mzee."
Imetoka haraka hivyo. Na nimefunga, Ramadhani hii.

Jumanne, 7 Agosti
Theluji. Johannesburg! Robot ya kona, taa za magari, imevaa kofia. Watu wazima wanarushiana mabonge barabarani. Mzee kasimama mlangoni na blanketi: "Yarabi, friji ya nani imepasuka?"
Mimi nilikimbilia uani.
Mchana jua likatoka kidogo. Fito nyeupe, theluji imeikumbatia. Fito nyeusi, shimo. Shimo pande zote, hadi udongo. Nyeusi inanyonya jua, inapata joto, inayeyusha. Nikajaza theluji kwa mikono. Ikayeyuka tena. Vidole vimekufa ganzi.

Dokta akaingia na kamera, anacheka kama mtoto. "Fundi Kombo! Theluji imetufuata mpaka hapa!" Akaiona. Kicheko kikaisha.
"Hii nyeusi ni ya nini?"
Akamgeukia Mzee.
"Zile zingine ziko hivi?"
Mzee akanitazama. Akasema, "Nilisahau kumwambia kijana, mama. Uzee na saumu."
"Fundi, mwakani watu wangepima shimo, wakaandika ni theluji."
"Kosa langu, mama."
Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Mimi, mwenye mdomo kuliko redio.

Jumatano, 8 Agosti
Magunia yanarudishwa. Hii kazi tutairekebisha, zinazofuata atampa fundi mwingine. Dokta kasema kwa upole. Bora angefoka.
Mzee hajaniuliza kitu. Naogopa akiniuliza. Naogopa zaidi asipouliza.

Alhamisi, 9 Agosti
Sikukuu ya Wanawake. Karakana imefungwa. Nimelala chumbani Bellevue, natazama dari. Jirani, mama wa Kirundi, kagonga kuuliza kama naumwa. Nimesema ndiyo. Uongo mwingine. Au labda si uongo.

Jumapili, 12 Agosti
Fito zilifika jana. Leo tunazikwangua kwa msasa, mimi na Mzee. Vumbi jeusi puani, kwenye kope. Mzee ana njaa lakini hakai chini.
Jua likazama. Akaniwekea tende kiganjani kabla hajala yake.

Kesho asubuhi nitakwenda chuoni kwa Dokta, kumwambia ni mimi. Sijui nitaanzaje.

Rangi ilikuwa ujinga, na ujinga unakwanguka. Lakini Jumatatu mzee wa watu aliniuliza, bado kuna nafasi, ananiita mwanangu. Nikasema ndiyo.