Nilibadilisha Simu, Nikapoteza Viuno Kumi na Moja

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Langas. Asubuhi kulikuwa na ile baridi ya Eldoret ya kukufanya uvae sweta mbili na bado ulalamike. Sasa jua limetoka, nguo za jirani zinakauka kwenye waya, na mimi nimekaa mlangoni na kikombe cha chai nikicheka peke yangu. Jirani amepita akaniuliza kama niko sawa.

Niko sawa sana.

Wiki hii nimekuwa na simu tatu. Ya kwanza ilikuwa Android yangu ya miaka mitano. Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na herufi T ilikuwa imekufa kabisa, kwa hiyo wateja wangu walizoea kupokea ujumbe wa "Rinda iko ayari, Mama". Hakuna aliyewahi kuuliza. Walikuja tu, wakachukua marinda yao.

Wacha niseme ukweli, kwa sababu ukurasa huu ni wangu. Sikuhitaji iPhone. Niliitaka tu. Wanjiru, fundi mwenzangu ambaye cherehani yake iko hatua mbili kutoka yangu pale mjini, anayo. Akimaliza kushona rinda analipiga picha, na picha inatoka kana kwamba rinda limeshonwa Ulaya. Mimi nikipiga langu, linaonekana limelaliwa na ng'ombe. Wivu, basi. Nimeubeba miaka miwili nikiuita "mahitaji ya biashara".

Jumamosi iliyopita nikaingia dukani nikatoka na iPhone, ex-UK, yaani imeshatumiwa na mtu huko ng'ambo, lakini inang'aa. Nilimwachia dada wa duka ile ya zamani, nikaongezea kidogo. Alikuwa mpole sana. Alinihamishia namba za watu, picha, hata WhatsApp yote. Akaniambia nina siku saba za kuirudisha nikiona hatuelewani. Mwishowe akashika ile Android yangu na kuniuliza, "Fundi, umehamisha kila kitu? Nataka kuifuta hii."

"Kila kitu," nikajibu. Hata sikuinua macho. Nilikuwa najipiga picha.

Shida ilianza Jumanne.

Nina kazi kubwa mwezi huu. Mama Chelagat wa Ainabkoi anamwoza binti yake, na baada ya wiki mbili kuna koito, ile siku wakwe wanakuja nyumbani kuzungumzia mahari. Wanawake kumi na mmoja wa hiyo familia watavaa marinda ya kitambaa kimoja: yeye, dada zake, na wake za ndugu za mumewe. Mwezi uliopita walikuja kwangu wote siku moja, wakajaa kibanda hadi Wanjiru akasimama nje, nikawapima mmoja baada ya mwingine.

Sasa, mimi siandiki vipimo. Niliacha siku mteja mmoja alipokuta daftari langu limeachwa wazi na mwenzake anasoma kiuno chake kwa sauti. Aki ilikuwa vita. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya kiuno anaijua fundi, basi fundi anyamaze. Kwa hiyo nikipima nainongʼonezea simu, "Mama fulani, kifua hivi, kiuno hivi," mikono yote miwili ikiwa kwenye tepu. Kulikuwa na kinasa sauti kwenye ile Android. Miaka mitano sauti zote zilikaa humo.

Jumanne asubuhi nimetandaza kitambaa cha Mama Chelagat, makasi mkononi, nafungua iPhone nisikilize. Hakuna. Nikatafuta tena. Nikaingia kwenye saa, kwenye hali ya hewa, kwenye kikokotoo. Jasho likanitoka na sweta mbili mwilini.

Nilikuwa nimehamisha kila kitu isipokuwa kazi yangu.

Nikampigia dada wa duka. Alikuwa ameifuta Jumamosi ile ile, na ilishapata mwenyewe. Siwezi kumlaumu, aliniuliza vizuri. Simu nayo haina kosa. Maji yakimwagika hayazoleki, na kikombe nilikipindua mwenyewe.

Halafu nikafanya jambo la aibu. Nikafungua picha ya kundi niliyowapiga siku ile, nikaikuza, nikaanza kuwapima na tepu juu ya kioo. Kweli. Nilifika hadi mama wa nne.

"Ngai! Unapima simu?" Wanjiru alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikamweleza yote, hadi ule wivu wa picha. Alicheka akashikilia cherehani isianguke. Alipopata pumzi akasema, "Mficha uchi hazai. Enda uwaambie na mdomo wako. Mimi nitakusaidia mikono ya marinda."

Niliogopa, sitaficha. Mama Chelagat ndiye kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Akisema fundi fulani hafai, hata sare za kwaya hutashona tena, si Ainabkoi, si popote ambapo ana dada. Na yeye ana dada kila mahali. Jumatano usiku sikula. Alhamisi nikaenda.

Niliwakuta jikoni wanamenya viazi. Nilikuwa nimemwomba Mama Chelagat kwa simu awakusanye, kwa hiyo walikuwepo wote kumi na mmoja, wakidhani nimeleta marinda ya kujaribu. Nikapewa chai kabla sijafungua mdomo, kwa sababu huko huwezi kutoa habari mbaya ukiwa na njaa.

"Mama," nikasema, "nilibadilisha simu kwa maringo yangu. Nimepoteza vipimo vyenu."

Visu vyote vikasimama.

Mama Chelagat akaweka kiazi chini polepole. "Vyote?"

"Vyote, Mama."

"Hata changu?"

"Hata chako. Nisamehe."

Akainua mikono yote miwili, kisu bado mkononi. "Asante Yesu!"

Nilidhani ni kejeli. Lakini dada yake naye akasema amina, halafu jikoni kukalipuka kicheko ambacho sijawahi kusikia maishani mwangu. Mmoja alikuwa anapiga sufuria. Mwingine ameketi sakafuni kabisa.

"Fundi," Mama Chelagat akasema akijifuta machozi na kanga, "siku ile kwako hakuna mtu alikuwa anapumua."

Kumbe! Walikuwa wote chumba kimoja, dada na wake za mashemeji, kila mmoja anamwangalia mwenzake, na hakuna aliyetaka kuonekana mpana. Kwa hiyo kila mmoja aliyesimama mbele ya tepu yangu alikaza tumbo hadi mgongoni. Mke wa shemeji mdogo alikuwa amejifunga leso mara tatu ndani ya nguo. Mama Chelagat mwenyewe alikuwa hajala tangu jana yake. Tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa anatafuta namna ya kuniambia bila wengine kujua. Na Jumapili nilikuwa nimepata simu zilizoita mara moja na kukatika, nikadhani ni iPhone nimeshindwa kuitumia. Ni wao, walinipigia wakakosa ujasiri.

Ningekata kitambaa kwa vile vipimo, marinda kumi na moja yangepasuka mbele ya wakwe, wakati wa kupakua chakula.

Mungu ana njia zake. Hii ilipitia kwenye maringo yangu.

Tukaingia chumba cha kulala mmoja mmoja, mlango umefungwa, iPhone ikinasa vipimo kwa sauti. Kila aliyeingia nilimwambia neno moja tu, "Pumua, Mama." Na nikasubiri. Kila mmoja alipumua kwa sauti yake. Wa mwisho alikuwa Mama Chelagat, na yeye alitoa pumzi ndefu hadi tepu ikaniponyoka mkononi, tukaanza upya.

Leo ilikuwa siku ya saba, na uamuzi ni wangu. iPhone ni simu nzuri, sina neno baya juu yake. Lakini kila nikiishika nilikuwa nakaza tumbo. Naogopa kuiweka karibu na makasi, natafuta kitufe cha kurudi nyuma mahali hakipo, chaja ya Wanjiru naiomba kama mtu anayeomba chumvi, na wateja wakiingia naigeuza waone mgongo wake. Nani aishi hivyo?

Nikarudi dukani nikamwambia dada nataka Android. Betri ya kudumu hadi jioni, kioo kikubwa, na T inayofanya kazi. Akanitolea tano, nikazishika zote kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Niliyoichukua ni ya kijani, nzito kidogo. Nililipiga picha rinda nililovaa. Halionekani limeshonwa Ulaya. Linaonekana limeshonwa Eldoret na likapigwa pasi, na hiyo inanitosha.

"Umehamisha kila kitu?" dada akauliza.

"Ngoja," nikamwambia. Nikavuta kiti, nikavaa vipokea sauti masikioni, nikasikiliza vipimo vyote kwenye ile ya kijani, kimoja kimoja, hadi cha kumi na moja. Alingoja. Nilipofika kwa ile pumzi ya Mama Chelagat nikacheka peke yangu dukani, na watu wakageuka.

Nimesahau kusema: Alhamisi nikiondoka, Mama Chelagat alinishika mkono akaniambia kitambaa kitabaki, nijishonee na mimi. Amesema fundi wa marinda hatasimama mlangoni siku ya koito, ataketi na akina mama.

Kwa hiyo niliacha kuandika kidogo, nikafunga mlango, nikachukua tepu. Nikaweka simu ya kijani mezani nikaiambia kwa sauti ya chini, "Kumi na mbili. Ni mimi mwenyewe. Kiuno..." Hapo nikagundua nimekaza tumbo. Peke yangu, mlango umefungwa, hakuna hata paka.

Pumua, fundi.

Nikapumua. Namba siiandiki hapa, lakini rinda litanitosha.