Mate ya Kumbariki Wangare

Elburgon, Julai 1971

Kwa mdogo wangu Nderitu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwa baridi. Watoto wako wazima hapo Subukia? Na kahawa, imekubali mwaka huu? Sisi tuko. Kalamu ni yangu mwenyewe, sikuandikiwa na mtu, kwa hivyo soma polepole.

Binti yangu Wangare anaolewa mwezi ujao. Lazima atemewe mate ya baraka kabla hajatoka nyumbani, kama baba yetu alivyowatemea dada zetu. Hiyo ni kazi yangu, na wote niliowatemea wamezaa.

Sasa habari ya jino. Unajua pale kiwanda cha mbao nilikuwa nang'oa misumari kwa meno, na Mau nzima hakuna mwanaume mwingine aliyeweza. Lakini lile jino lililozibwa Nakuru limeoza kando ya kizibo. Nikamwendea Darshan, yule daktari wa meno wa kilemba aliyeliziba, nikamwambia akazibe baiskeli, meno yamemshinda. Hakukasirika. Alitia kioo mdomoni, kikanata shavuni kwa ukavu. Akasema mate ya mtu ina kitu kama ute wa yai. Hicho kinanata kwa jino, kinanata kwa kizibo pia, kinakuwa ngozi nyembamba isiyoonekana. Ukiipangusa, mate inarudisha ingine saa hiyo hiyo, na ndiyo inakinga jino lisiliwe. Kwangu hakuna cha kunata. Nikamwambia hata mto hukauka kiangazi na kurudi. Akasema huu haurudi. Nikaenda hospitali kumshtaki, na huko wakasema maneno yale yale.

Nderitu, hii hata mama Wangare hajui. Nimejaribu nyuma ya zizi, nimenyonya limau, nimetema mkononi. Inatoka pumzi tu. Nilifikiria kuficha maji mdomoni, nani angejua? Lakini maji ni maji, haishiki kwa mtoto.

Kwa hivyo njoo umtemee wewe. Usifikiri umekuwa mkubwa. Waambie watu nimekupa heshima, usiseme nimekauka. Mimi nitasimama hapo nimemshika mabega.

Nisalimie wa kwako wote, hata majirani. Njoo bila pombe mdomoni.

Ni mimi mkubwa wako,
Ndung'u