Baba Alivyopanda Baiskeli Siku ya Kumkumbuka Babu

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Stesheni.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Daktari amekuruhusu kukanyaga chini, au bado wamekulaza kama yai? Tafadhali usilete ukaidi, tunakujua. Sisi huku wazima. Bibi anakula, na leo asubuhi amemgombeza muuza maziwa mpaka akasahau chenji yake, kwa hiyo ujue nguvu zimerudi.

Najua simu ipo. Lakini kwenye simu ningepiga kelele tu na wewe usingeambulia kitu, maana hata sasa kalamu inaniruka mkononi. Ulilia sana uliposhindwa kuja kumzika baba yako. Basi jiegemeze kwenye mto, nikupeleke uwanjani kwenye kumbukumbu yake ya jana.

Kaka yako alikuwa na wasiwasi kwamba hatatokea mtu. Alikodi viti vichache na turubai dogo, akasema, "Nani atakuja? Wenzake wote wametangulia. Mtu akizeeka hivyo anabaki peke yake." Bibi, ambaye tangu mazishi alikuwa haongei zaidi ya "ndiyo" na "hapana", akajibu kutoka chumbani, "Ongeza viti, wewe. Baba yako hakuwa na rika."

Tukakaa pale uwanjani Babu alipokuwa akichezesha mpira, jua kali, viti nusu vitupu. Baba anatazama saa, anakunjua hotuba yake, anaikunja tena. Mara nikasikia kengele. Ngriing! Kisha nyingine, kisha nyingi kwa pamoja, na kwenye kona ya duka la dawa wakaanza kutokea wanawake juu ya baiskeli! Mbele kabisa mkunga, mgongo wima kama askari wa gwaride. Nyuma yake muuza nyanya na tenga lake kwenye keria, karani wa mahakama na mkoba begani, mafundi cherehani wale ndugu wawili, na wengine hata siwajui. Barabara ilijaa, Shangazi! Lori lilisimama likawapisha.

Wewe uliondoka Babu akiwa bado fundi baiskeli siku za kazi na refa siku za mapumziko, yule Mzee Kipenga aliyewakimbiza wachezaji mbio mpaka wakaomba maji. Haya ya uzeeni umeyasikia kwa mbali tu. Magoti yalipomkatalia urefa, sisi tulidhani sasa atatulia barazani. Atulie wapi! Alichukua baiskeli mbovu karakanani, akazifufua, akaanza kufundisha wanawake kuendesha, hapahapa uwanjani, kila Jumamosi.

Mkunga ndiye aliyesimama kueleza ilivyoanza. "Alinikuta asubuhi natoka kuzalisha ng'ambo ya bonde, viatu mkononi, nimechelewa kwa mama mwingine," alisema. "Akaniuliza, 'Baiskeli yako iko wapi?' Nikamwambia, mzee wangu, mwanamke wa umri huu nikipanda baiskeli, watu watasema nini? Akanijibu, 'Watasema mkunga amewahi.'"

Watu wakapiga makofi. Wakati huo wengine walishaanza kumiminika kwa miguu, wazee kwa vijana, mpaka tukakalia matofali. Akasimama mwanamume mmoja mnene, fundi wa mapaa, ambaye enzi zake za mpira walimwita Kifaru. Hakumsifu mtu. Alisema, "Mimi marehemu alinipa kadi nyekundu kwenye fainali. Baadaye akanifuata nyumbani, akanitafutia kazi, akasimamia harusi yangu. Nilimpenda kama baba. Lakini nasema mbele yenu wote, yule beki sikumgusa!"

Bibi akanyanyua kichwa. "Ulimgusa. Nilikuwepo."

"Bibi, sikumgusa!"

"Ulimrusha mpaka kwenye mapaja yangu!"

Shangazi, Bibi alicheka! Alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu tumzike Babu, nikajikuta namkumbatia muuza nyanya nisiyemjua hata jina.

Kicheko kilipopoa, mkunga akasema, "Mzee alijisifu kwamba hakuna mwanafunzi aliyemshinda."

"Mmoja alimshinda," Bibi akasema, na akamgeukia Baba.

Hivi wewe ulilijua jambo hili ukaninyamazia? Mimi maisha yangu yote nimeamini kwamba Baba anatembea kwa miguu kwenda shuleni kwa ajili ya afya! Kumbe mtoto wa fundi baiskeli hajui kuendesha baiskeli! Bibi akaeleza yote bila huruma. Jinsi alivyotumbukia mtaroni akiwa mtoto, mbele ya darasa lake zima, akaapa hatagusa pedeli tena. Jinsi Babu alivyoendelea kumtengenezea baiskeli ya kimo chake, nayo inakaa tu ukutani mpaka mtoto anaizidi kimo, anamtengenezea nyingine. Mpaka wote wawili wakawa watu wazima wasiolitaja tena.

Baba aliinama. Unamjua, mwalimu mkuu yule, wanafunzi wakisikia kikohozi chake wanachomekea mashati. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, si leo."

"Kama si leo, lini? Unataka na mimi nife kwanza?"

Mkunga hakusubiri. Alimvua koti kama anamhudumia mgonjwa, akamkalisha kwenye siti ya baiskeli yake, akashika nyuma. Mafundi cherehani wakashika usukani huku na huku. Wakaanza kumkimbiza, na wote wanapiga kelele maneno yaleyale, kwa ukali uleule wa Babu: "Usitazame tairi! Tazama unakokwenda! Kanyaga!" Alikuwa anayumba kama mlevi, tai imemrukia usoni. Kifaru anaondoa viti mbele yake, vingine kwa mateke. Mafundi wakaachia. Halafu nikaona mkono wa mkunga nao umeachia, na Baba hajui.

Alikwenda! Peke yake, Shangazi! Akapita turubai, akakata kona kwenye kibendera. Hapo ndipo alipogundua hakuna aliyemshika. Na mzee yule mzima, mwenye mvi, karibu na kustaafu, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia:

"Baba! Baba, tazama!"

Hakuna aliyecheka.

Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha breki, akaingia moja kwa moja golini, akanasa wavuni, baiskeli juu, yeye chini. Kifaru akapiga mluzi, akatangaza, "Goli!" na uwanja ukalipuka. Tulipomfikia hakuwa ameumia. Alikuwa analia, kilio kile ambacho hakukilia siku ya mazishi, na hakujificha. Bibi alivuka uwanja mwenyewe bila kushikwa, akaketi kwenye nyasi pembeni yake. Alichomwambia sikukisikia. Niliona tu anamwondoa majani magotini.

Hotuba haikusomwa. Sidhani kama kuna aliyeiulizia.

Baba amenikataza kukuambia haya, maana anataka siku utakayofika aje mwenyewe stesheni akiwa juu ya baiskeli. Kwa hiyo ukimwona, shtuka vizuri. Nakuomba.

Bibi anakubusu kwenye paji la uso. Mkunga anasema mguu usiubebeshe uzito kabla ya muda. Kifaru anataka ujue kwamba hakumgusa. Nisalimie mapacha wako na yule jirani mwema anayekuletea uji. Mungu aukaze mfupa wako, akurejeshe kwetu ukiwa na nguvu za kukimbia, maana utazihitaji: mkunga ameshaandaa baiskeli ya kimo chako.

Mwana wa kaka yako, anayekupenda kwa kelele zote,
Chiriku