Kibogoyo wa Birika la Kibunju

Kijiji Kipya, Palma
Mfungo Nne, 2019

Kwa mdogo wangu Mamudo,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, mgongo haukusumbui, na shemeji yangu Rehema bado anakugombeza kwa kahawa nyingi. Salamu ziwafikie wote wa nyumbani kwako hapo Mtwara, wakubwa kwa wadogo, pamoja na majirani waliokupokea wakati sisi ndugu zako tulipokutupa.

Zamani tulipoandikiana tulikuwa tukisema: sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Safari hii sitasema hivyo. Daktari wa Pemba, huku kwetu Msumbiji, alizungukazunguka kwa maneno mpaka nikamwambia, mwanangu, mimi nimefundisha biolojia kabla mama yako hajaolewa, sema tu. Akasema. Ni ini, nalo halina dawa ya kuponya, bali ya kutuliza. Naandika kidogo, napumzika, naendelea. Ukiona wino umebadilika, jua hapo nililala.

Ninakaa kwa binti yako Nazira. Ananiogesha, ananipikia uji wa mtama, na siku nikishindwa kushika kijiko ananilisha bila kukunja uso. Mungu amlipe. Nyumba tuliyopewa ni ya matofali, ina bati na choo cha ndani. Wageni wakija hutuuliza kama ni nzuri, nasi hujibu ni nzuri. Amade, yule mchoma chokaa, husema ni nzuri kama sanda mpya. Bahari iko mbali, wavuvi hungoja lori. Kibunju yetu yote iko ndani ya uzio wa kampuni ya gesi, na Baba na Mama wamelala humo humo. Kuwazuru ni kwa kibali.

Sasa nitakusimulia mambo ambayo mengi unayajua kuliko mimi. Usinione nimeishiwa akili. Nina sababu ya kuyaeleza tangu mwanzo, na nitaitaja kabla sijaweka sahihi.

Unakumbuka mwaka ule niliostaafu nikarudi Kibunju na masanduku ya vitabu na hadubini yangu nzee. Gesi ilikuwa imeshaonekana chini ya bahari. Magari meupe yalikuwa yanaingia na kutoka, vijana wanapiga vigingi vyekundu hata katikati ya mashamba ya mihogo. Watu walikuwa wanaulizana tutapelekwa wapi, na hakuna aliyejua. Wakaja wataalamu wa mazingira, kazi yao kuandika kila kinachoishi pale: ndege, kasa, miti. Nikawaambia mnatazama vikubwa tu. Wakacheka kwa adabu, wakaniambia, haya mama, tuletee vidogo.

Nikaanzia msikitini kwako. Wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo, kama Baba na kama Babu. Lile birika la kutawadhia lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukutani mwake mliota kuvumwani, ule ukijani laini ambao watu wetu huuita uchafu tu. Nilikuja siku chache kabla hujaliparua, maana kila mwaka Ramadhani ikikaribia huliparua lote na kulipaka chokaa mpya. Nikachukua kijani kiasi cha kujaza kikombe. Ndani yake nikakuta konokono wadogo kuliko punje ya ulezi.

Nikawachora. Gamba refu kuliko upana wake, rangi ya asali, mistari myembamba ya mshazari, kitovu kimefumba, na mdomo wazi kabisa. Hapo kwenye mdomo ndipo moyo wangu uliporuka. Jamaa zake wanaojulikana pwani yote hii wana vijino vyeupe ndani ya mdomo wa gamba, vya kumzuia siafu asiingie. Wa kwetu hawakuwa na jino. Nilitazama mmoja, nikatazama wengine, nikatazama kikombe kizima. Wote vibogoyo.

Habari ikaenea. Watu wakampa jina hilo hilo, Kibogoyo, na vijana wakawa wanamwamkia Bi Fátima, ambaye hana jino hata la dawa, shikamoo bibi wa konokono. Naye akawajibu kwamba yeye ana ufizi wa kuwatafuna wote. Tulikuwa bado tunacheka wakati ule.

Kisha ukafika ule mkutano mkubwa, wenyewe waliuita consulta. Mtaalamu mmoja akasema mbele ya administrador, mkuu wa wilaya, kwamba ikithibitika kiumbe huyu hapatikani popote duniani ila pale, mstari wa ramani utapindishwa, na msikiti, makaburi na nyumba za jirani vitaachwa. Akasema hicho kiumbe lazima aje kukithibitisha mtu mwenye shahada kubwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Amade akasimama akasema, wakubwa wetu wote wameshindwa, mtetezi wetu ni kibogoyo asiyeweza hata kutafuna ubwabwa. Na mimi, Mamudo, watu walinibusu mikono.

Ramadhani iliyofuata ilipokaribia ndipo nikakuomba usiparue birika mwaka ule. Ulinijibu kwamba tangu Babu, birika lile halijaipokea Ramadhani likiwa chafu. Ukamwuliza imamu, akasema maji ni tohara, kijani hakivunji udhu. Basi ukakubali, kwa kuwa mimi ni dada yako. Mwezi mzima wa toba wewe ulitukanwa. Wazee waliteleza, wakasema mwenye ufunguo amekuwa mvivu, anafuga wadudu msikitini.

Mtu mwenye shahada aliyetumwa alikuwa Nélia, mwanafunzi wangu wa zamani wa Pemba. Alipofika, mfungo umekwisha, tulikwenda msikitini na nusu ya kijiji nyuma yetu. Birika lilikuwa jeupe kama yai. Chokaa mbichi, hata harufu haijatoka. Hakuna kijani, hakuna konokono. Nélia aliinama, akapitisha kidole ukutani, akakitazama kidole chake.

Yaliyofuata uliyabeba wewe. Walikuuliza nani amefanya, ukasema ni mimi. Wakakuuliza nani amekutuma. Ukanitazama. Nami nikasema mbele ya wote kwamba nilikukataza mara nyingi, na kwamba sijui shetani gani amekuingia. Amade akakutemea mate kifuani, akasema chokaa yake mwenyewe umeitumia kuwazika. Wengine wakasema kampuni imekununua. Ungeweza kufungua mdomo. Hukufungua. Wiki haikupita ukavuka Ruvuma na Rehema, na Nazira akabaki kwa mumewe, akiitwa kisimani binti wa muuza msikiti.

Sasa naandika lile nililolikimbia.

Mimi ndiye niliyekutuma. Nilikuja kwako baada ya alasiri, ukiwa unakunja mikeka, nikakuambia parua, paka chokaa, pasibaki kitu. Ukaniuliza, dada, una hakika? Nikakuambia fanya, wala usiulize. Hukuuliza tena, na mbele ya watu hukunitaja, kwa sababu Mama alitulea kwamba mkubwa haaibishwi hadharani. Niliitumia adabu yako kama ngao.

Hayo unayajua. Usilolijua ni kwa nini. Siku uliyoondoka ulipita mlangoni pangu ukaniambia maneno machache tu: natumaini walikulipa vya kutosha. Miaka yote hii umeamini nilihongwa. Mamudo, sikupewa hata kilo ya sukari. Afadhali ningehongwa, mtu angeelewa.

Kabla Nélia hajafika, nilikwenda kuchukua konokono wabichi wa kumwonyesha. Nikamweka mmoja chini ya hadubini. Alikuwa na meno. Nikafuta kioo, nikamweka mwingine. Meno. Wakubwa wote walikuwa na meno, meupe, yamejipanga vizuri, sawasawa na jamaa zao wa pwani nzima. Wadogo tu ndio waliokuwa vibogoyo.

Nikaelewa pale pale. Konokono hawa huota meno wakishakomaa. Birika letu lilikuwa linaparuliwa kila mwaka, kwa hiyo hakuna kati ya wadogo waliotambaa humo kutoka kuta za nje aliyewahi kukomaa. Nilichokieleza kama kiumbe kipya walikuwa watoto, watoto ambao usafi wetu haukuwaachia muda wa kukua. Na nisingeligundua kamwe kama nisingekuomba uache kuparua. Kutofautisha mtoto na mkubwa ni somo la mwaka wa kwanza. Mimi mwenyewe nililifundisha. Nélia mwenyewe nilimfundisha.

Nilikaa na jambo hilo usiku na mchana. Nilimwona Nélia akilini mwangu akiinua uso kutoka kwenye hadubini, akinihurumia. Niliona vijana wakinicheka. Nilipokuwa msichana masomoni, niliokota konokono wa ajabu kisiwani Rongui, na profesa wangu mgeni akamchukua akampa jina la mkewe. Kwangu hata asante haikuja. Maisha yangu yote nilitaka kimoja tu kilichoandikwa kwa jina langu. Nikaona heri birika life kuliko nife mimi. Ningesema tu nimekosea, watu wangesikitika, wangenizomea siku mbili, na wewe ungekuwa nyumbani kwako.

Mabaya hayakuishia hapo. Nilimpa Nélia wale vibogoyo wa mwanzo niliowahifadhi kwenye spiriti. Hakuwa na sababu ya kunishuku. Akaandika, akachapisha, jina langu likiwa la kwanza na lake la pili, na konokono akapewa jina la Kibunju kwa Kilatini. Chini yake imeandikwa kwamba inahofiwa ametoweka, kwa sababu wenyeji walipaka chokaa makao yake pekee. Wewe ndiye hao wenyeji, Mamudo. Karatasi hiyo ilitundikwa ukutani kwangu kwa miaka, na wageni waliisoma wakanipa pole. Nimeshamwandikia Nélia akaifute. Hajajibu, na sina haki ya jibu.

Utauliza kama msikiti ungepona. Usingepona. Konokono mwenye meno yuko kila ukuta wa mawe kutoka Mocímboa mpaka kwenu. Tungehamishwa vilevile. Lakini tungehamishwa pamoja, na hakuna ambaye angekutemea mate.

Hii ndiyo sababu ya kukusimulia unayoyajua. Barua hii hukuandikiwa wewe peke yako. Ijumaa iliyopita nilimkabidhi imamu, hadi hapa nilipofika, nikamwomba aisome baada ya sala, neno kwa neno. Nilibebwa hadi upande wa wanawake nikakaa nikasikiliza. Nakuongezea mistari hii ya mwisho baada ya hapo, ili ujue ilivyokuwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Bi Fátima alicheka, kicheko kibaya, akasema kumbe msomi wetu ndiye aliyekuwa bado mtoto. Wanawake waliokaa karibu yangu walisogea, mmoja mmoja, mpaka mkeka ukabaki na mimi. Amade alikuja mlangoni akaniambia nikuandikie hivi: kwamba mate yale anayakumbuka, na kwamba hataomba msamaha kwa karatasi ya mwanamke mwongo, uje Mamudo, akuombe usoni, na kama njia ni mbaya kwa hawa watu wa bunduki wanaovamia vijiji, atavuka Ruvuma yeye. Nikamwambia ahsante. Akanijibu kwamba nisimshukuru, na nisitegemee kumwona mazikoni kwangu.

Nazira alinirudisha nyumbani. Amenipikia uji kama kawaida, akauweka juu ya kigoda, akatoka nje. Tangu siku ile hanilishi. Nikiweza kushika kijiko nakula, nisipoweza uji unapoa. Hajanitukana hata kidogo. Jana nilimsikia akimwambia jirani kwamba baba yake anarudi, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo tangu alipokuwa mwari.

Sikuombi unisamehe kwa sababu nakufa. Kila mtu hufa, si sifa. Nakuomba urudi kwa ajili yake. Usiharakishe kwa ajili yangu. Ukinikuta, nitakusalimia kama mdogo anavyomsalimia mkubwa. Usiponikuta, ufunguo wa msikiti mpya wamekuwekea, imamu ameniambia. Hawakuniuliza maoni yangu, nami nimefurahi kwamba hawakuniuliza.

Nisalimie Rehema, umwambie alikuwa sahihi siku zote kutonipenda. Wasalimie watoto ambao hawanijui, na usiwalazimishe kunijua. Mungu akuhifadhi njiani na akufikishe.

Ni mimi dada yako,
Wahida