Saa ya Mama

Jumapili, 2 Juni
Wiki ya tatu tangu kiharusi. Mama hasemi. Kwa mkono wa kushoto, ndio uliobaki mzima, anagonga kifundo cha mkono wa kulia mara mbili, kisha anafungua kiganja. Saa! Kaka kamnunulia mpya. Kaitupa. Wifi kamvisha yake — nayo ikaruka hadi kabatini. Tulicheka, Mungu atusamehe.

Nadhani anataka ile aliyopewa kiwandani alipotimiza miaka ishirini ya kufuma. Nyumbani haipo. Kiwanda kilifungwa ghafla mchana mmoja, wafanyakazi wakatolewa kama walivyo. Itakuwa imebaki kule. Na Jumatatu ijayo wanabomoa!

Jumanne, 4 Juni
Mlinzi wa geti la kiwanda kakataa katakata. Paa linadondoka, anasema. Nikamtajia Mama. Akamkumbuka. Kumbe naye alikuwa fundi mitambo mle mle. Nije Alhamisi asubuhi, akasema, na viatu vya maana, si hivi vya harusini.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeingia. Ukumbi mkubwa kama uwanja, mtupu. Mashine ziliuzwa chuma chakavu, zimebaki boliti sakafuni na madoa ya mafuta, safu kwa safu. Vumbi la pamba bado limeganda madirishani. Mlinzi kanionyesha doa la mashine ya Mama. Nikasimama juu yake. Miaka ishirini na sita, hapa! Nyumbani alikuwa akiongea kwa kupayuka, masikio yameshakufa kwa kelele, nami nilimwonea haya mbele ya wenzangu shuleni. Naona aibu hadi sasa, ila ya aina nyingine.

Kabati lake, namba 41. Kandambili, kitana, kitambaa cha kichwa. Saa hamna. Nikakaa chini nikalia kwa hasira.

Mlinzi akauliza kuna nini, mwanangu. Nikamwonyesha Mama anavyofanya. Mara mbili, kisha kiganja.

Akavua kofia. Si saa hiyo, akasema. Humu hakuna aliyemsikia mwenzake, tuliongea kwa mikono. Huyo anamwambia wa zamu inayofuata: nimechoka, nipokee.

Na mwenzake anajibuje?

Anaweka kiganja juu ya chako, anabonyeza mara moja. Umeachiwa, nenda zako. Usipojibiwa hutoki, hata zamu iwe imekwisha. Mashine haiachwi peke yake.

Wiki tatu tunamletea saa.

Ijumaa, 7 Juni
Sijamwambia kaka. Ataniuliza nina maana gani, nami sitaki kulitamka.

Mama hajameza kitu tangu juzi. Daktari kapita, anasema kesho wamtie mpira wa kulishia. Kaka kaitikia haraka haraka. Mimi nimeinamia daftari.

Nimemvalisha kile kitambaa. Kakinusa, akafumba macho. Nikajua kakijua.

Sasa hivi kagonga. Mara mbili. Kiganja wazi juu ya shuka. Hanitazami kwa kuomba — ananitazama kama mtu anayemtazama mwenzake aliyechelewa kazini. Wifi kachungulia mlangoni: saa tena? Nikasema ndiyo, saa. Kaenda kuitafuta, maskini.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeuinua juu ya kiganja chake, nasikia joto lake, bado sijagusa. Mama, ngoja kidogo. Hauondoi mkono. Ananingoja