Nimejifungia Kwenye Chumba cha Seva

Sethunya, usicheke. Nimefungiwa kwenye chumba cha seva. SASA HIVI ninavyokuandikia.

Wiki ya pili tu ya uanagenzi wa usalama wa mtandao! Bosi, Mma Kelebogile, kanipa kazi ndogo: nizime kadi ya mlango ya Mothusi, yule aliyefukuzwa Ijumaa, kiti chake nikapewa mimi. Kadi moja tu.

Nikabonyeza kinyume. Nimezima za ofisi nzima, nikaacha ya Mothusi. Ofisi nzima, Sethunya! Na yangu! Na kompyuta yenyewe haifunguki bila kadi.

Baridi ya humu ni ya mochwari. Mma yuko nje ya kioo, kadi yake imekataa mara sita. "Oratile mwanangu, hebu niambie umebonyeza nini." Hiyo "mwanangu" ndiyo imenimaliza.

Imebidi ampigie Mothusi, kaweka spika. "Rra Mothusi, tafadhali, njoo utufungulie mlango."

Namsikia Mothusi anatafuna.

"Kwani huyo mliyempa kiti changu ameshindwa?"

Mma kabandika simu kwenye kioo, usawa wa mdomo wangu.

"Mjibu."